Moyo Peke Yake Hautoshi

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mwenzetu, afisa maendeleo ya jamii mstaafu, kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya wanachama na wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita. Inachapishwa hapa kwa ombi la wanachama wengi.)



Kwanza kabisa naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Wote mnajua kwamba kwa desturi yetu nafasi ya kuzungumza baada ya chakula cha mchana hupewa mabwana wakubwa: daktari bingwa, mwanasheria, mhandisi, au mwenye kampuni yake. Mwaka huu Kamati imemwita Bwana Maendeleo. Sijui kama walikosa mtu au walifikiri vizuri. Hilo mtaamua wenyewe nitakapomaliza. Naahidi kutowachosha, maana nakumbuka jinsi bwalo hili lilivyokuwa na usingizi saa kama hizi, hasa siku za maharage.

Tulipokuwa tukiandaa mkutano huu, mwenzetu mmoja tuliyesoma naye darasa moja, ambaye sitamtaja kwa sababu yumo humu ndani, aliniuliza kwa utani: "Hivi huko chuoni kwenu mlikuwa mkifundishwa nini hasa? Kuwa na huruma? Maana kuongea na watu kila mtu anajua." Nilicheka naye. Lakini swali hilo nimeulizwa miaka 40, na wazazi, na madiwani, na hata na wale wanaopanga fedha za halmashauri. Nalo si swali baya. Kama kazi ya kuwasaidia watu waishi vizuri kijijini na mtaani haihitaji kusomewa, basi yeyote mwenye moyo mwema aweza kuifanya, na hakuna haja ya vyuo wala ya mishahara. Lakini kama inahitaji kusomewa, basi tuna wajibu wa kuwapeleka huko vijana wenye akili zao, wala tusingoje wale tu waliokosa pa kwenda. Mimi nasema inahitaji kusomewa, na leo nitajaribu kueleza kwa nini.

KAZI YENYEWE NI IPI

Nianze kwa kutenganisha mambo, kwa sababu vijana wengi huyachanganya. Ziko kazi tatu zinazofanana kama ndugu wa tumbo moja.

Ya kwanza ni ya afisa maendeleo ya jamii. Huyu hushughulika na watu wakiwa pamoja: kijiji kizima, kikundi cha akina mama, vijana wenye mradi wa matofali, chama cha kuweka na kukopa. Ya pili ni ya afisa ustawi wa jamii. Huyu hushughulika zaidi na mtu mmoja au nyumba moja iliyopatwa na shida: mtoto aliyetelekezwa, mzee asiye na wa kumtunza, mtu mwenye ulemavu aliyefichwa ndani, mume na mke waliogombana mpaka watoto wakakosa chakula. Ya tatu ni ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye hupita nyumba kwa nyumba kumwangalia mama mjamzito, mtoto mchanga, au mgonjwa wa kifua kikuu aliyeacha dawa kabla ya wakati.

Kinachoziunganisha kazi hizi tatu ni kwamba anayezifanya ni mgeni. Daktari humngoja mgonjwa hospitalini. Mwalimu humngoja mwanafunzi darasani. Hakimu humngoja mshitakiwa mahakamani. Kila mmoja wao yuko kwake, na anayekuja ndiye mwenye kubisha hodi. Sisi mambo yetu ni kinyume. Sisi ndio tunaobisha hodi, tunaopewa kigoda, tunaofukuziwa mbwa. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wenye moyo mwema huanza kutoa maagizo kabla hata ya hiyo siku ya tatu. Kujua namna ya kuwa mgeni mwenye manufaa katika nyumba ya mtu mwingine ndiyo elimu yenyewe, nayo hupatikana kwa kufundishwa na kwa mazoezi.

TULIFUNDISHWA NINI

Nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1975, na mwaka 1977 nikaingia chuoni. Nchi yetu wakati ule ilikuwa imekwisha kujiwekea vyuo vya namna hii. Chuo cha Tengeru, karibu na Arusha, kilianzishwa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru. Chuo cha Ustawi wa Jamii, pale Kijitonyama, Dar es Salaam, kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1973. Waliovianzisha hawakuwa na fedha za kuchezea. Waliona kwamba nchi yenye vijiji vingi na wataalamu wachache haiwezi kwenda bila mtu wa kukaa katikati.

Tulisoma mambo mengi: jinsi jamii zinavyoishi na kubadilika, malezi na tabia ya binadamu, lishe, uendeshaji wa vikundi na vyama vya ushirika, kuweka hesabu, mbinu za kufundisha watu wazima, na hata namna ya kuchanganya saruji. Lakini somo lililotuumba lilikuwa mafunzo kwa vitendo. Tulipelekwa vijijini, na mkufunzi wetu akatuwekea sharti ambalo lilitushangaza sana: kwa wiki mbili za kwanza ni marufuku kumpa mtu yeyote ushauri wowote. Tukiona mtoto ananyonya kidole kichafu, tunyamaze. Tukiona mahindi yanaoza ghalani, tunyamaze. Kazi yetu ilikuwa kuuliza, kutazama, kushika jembe pamoja na wenyeji, na usiku kuandika katika daftari.

Na maswali ya daftari hilo hayakuwa ya mchezo. Akina mama huteka maji saa ngapi, na nani huwaangalia watoto wakati huo? Nani humkopesha nani wakati wa njaa? Ufunguo wa ofisi ya kijiji hukaa kwa nani? Mtu akifiwa usiku, nani huitwa wa kwanza? Kwenye mkutano wa kijiji, nani hukaa mbele, nani hukaa chini ya mwembe, na nani haji kabisa?

Tuliporudi chuoni kila mmoja akasoma taarifa yake mbele ya wenzake. Mkufunzi alisikiliza zote bila kusema neno, kisha akatuuliza swali moja: "Kwenye mkutano mlioandika, ni nani hakusema?" Wengi wetu tulikuwa tumeandika waliosema. Akatueleza kwamba waliosema hawahitaji afisa wa kuwasikia. Sauti zao zimekwisha kufika. Tangu siku hiyo, katika kila mkutano nilioandika maisha yangu yote ya kazi, nilichora mstari katikati ya ukurasa: kulia waliosema, kushoto wasiosema. Kesho yake nilikwenda kuwatembelea wa kushoto.

Mwaweza kusema kwamba hayo ni mambo madogo. Ni madogo kweli, kama sindano ilivyo ndogo. Lakini ni nani kati yetu ambaye angeyabuni mwenyewe kwa kuwa na huruma tu?

MIFANO MIWILI YA NCHI YETU

Msidhani nasifu chuo changu tu. Ninayo mifano miwili mikubwa kutoka nchini kwetu, inayoonyesha jinsi mafunzo, hata mafupi, yanavyoweza kuleta tofauti.

Wazee wenzangu wataikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Tulikuwa hapa hapa shuleni, na redio ya bweni ilikuwa ikigombaniwa. Kwa majuma 12 Radio Tanzania ilitangaza vipindi juu ya malaria, kichocho, kuhara, vyoo na maji safi, na watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza. Wengi hukumbuka redio na kusahau kilichofanyika kabla yake. Kabla ya kipindi cha kwanza kusikika, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamepewa mafunzo ya muda mfupi. Hawakufundishwa udaktari. Walifundishwa kufungua redio kwa wakati, kusoma kitabu kwa sauti, kuwauliza wenzao maswali, na kutofunga kikao kabla kikundi hakijakubaliana kitafanya nini juma hilo. Ndiyo maana kampeni ile haikuishia masikioni. Watu walitoka wakachimba vyoo, mamia ya maelfu ya vyoo, kwa majembe yao wenyewe.

Mfano wa pili ni wa Iringa. Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa ule, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani na fedha za Italia. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, hadharani, siku iliyojulikana na kijiji kizima. Kupima si jambo la ajabu. Zahanati nyingi zilikuwa zikipima. Jambo jipya lilikuwa lile lililofuata. Wahudumu wa afya wa kijiji walifundishwa kuyaleta matokeo mbele ya halmashauri ya kijiji, na halmashauri ikaulizwa: watoto wangapi wamepungua? Kwa nini? Sisi tunaweza kufanya nini kwa vitu tulivyo navyo? Mahali pengi ilionekana kwamba chakula kilikuwapo, ila mama alikuwa shambani toka alfajiri mpaka jioni, na mtoto mdogo alikula mara mbili tu kwa siku. Basi vijiji vikaanzisha mahali pa kuwalea na kuwalisha watoto mchana. Katika miaka 5 hivi, utapiamlo mkali ulishuka kutoka karibu asilimia 6 ya watoto hadi chini ya asilimia 2.

Angalieni vizuri. Katika mifano yote miwili aliyefundishwa hakufundishwa kujibu. Alifundishwa kuuliza kwa utaratibu, kuweka kumbukumbu, na kuuacha uamuzi kwa wenyewe. Ukimpeleka mtu mwenye moyo mwema bila mafunzo hayo, atajibu yeye. Na akiondoka, jibu lake litaondoka naye.

MASHINE YA KUSAGA

Sasa niseme niliyoyaona mwenyewe. Mwaka 1981 nilipangiwa kijiji ambacho sitakitaja jina. Mnakumbuka hali ya miaka ile: vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, dizeli ilikuwa adimu, sabuni ni ya kupanga foleni. Kijiji kilikuwa na mashine ya kusaga iliyopatikana kwa msaada, nayo ilikuwa imesimama. Akina mama walikuwa wakibeba debe la mahindi kichwani kilomita 9 kwenda kusaga kijiji cha pili, na 9 kurudi. Niliambiwa na kila mtu kwamba mashine imekufa kwa kukosa dizeli.

Kwa desturi niliyofundishwa sikukimbilia kuandika barua ya kuomba dizeli. Niliwatembelea wa upande wa kushoto wa daftari. Mama mmoja, aliyekuwa amejifunza kusoma na kuandika katika darasa la elimu ya watu wazima, aliniambia kwa sauti ya chini, huku akiendelea kupepeta: "Dizeli ipo. Isiyokuwapo ni fedha ya kuinunulia. Wapo wanaosaga na wapo wanaolipa, na si watu wale wale."

Hapo kijana mwenye moyo tu angefanya nini? Angesimama mkutanoni akawataja wakubwa wa kijiji waliokuwa wakisaga bure, na kabla ya mwezi kwisha angekuwa amehamishwa, na mashine ingebaki palepale. Chuoni tulikuwa tumefundishwa jambo la kawaida sana: uwekaji wa hesabu. Nilipendekeza kwamba mashine ifunguliwe kwa mwezi mmoja wa majaribio, na kuwe na daftari lenye mistari mitatu: debe zilizosagwa, debe zilizolipiwa, lita za dizeli zilizotumika. Hakuna aliyepinga, kwa sababu hakuna aliyetajwa. Mama yule na mwenzake wakachaguliwa kuandika, na tukafanya mazoezi jioni saba mfululizo, kwa taa ya kibatari, mpaka wakaweza kujumlisha bila mimi.

Mwisho wa mwezi daftari lilisomwa kwenye mkutano wa kijiji. Halikusomwa na mimi. Lilisomwa na mama yule. Halikuwa na jina la mtu, ni hesabu tupu: katika kila debe 10 zilizosagwa, 3 hazikulipiwa. Mkutano ulinyamaza. Kisha mzee mmoja, ambaye jina lake lilikuwa limekaa upande wa kushoto wa daftari langu kwa mwaka mzima, akainuka na kuuliza: "Hizo debe 3 zina miguu?" Watu wakaangua kicheko, na katika kicheko kile kila aliyehusika akajijua, wala hakuna aliyeaibishwa.

Utaratibu uliotoka pale ulitungwa na wanakijiji wenyewe. Hakuna kusaga bure, hata kwa mwenye ufunguo. Wazee wasiojiweza watalipiwa na mfuko wa kijiji, na debe zao zitaandikwa kama za wengine. Kila mwezi hesabu itasomwa. Nilihamishwa mwaka 1985. Niliwaacha na mashine inayounguruma na daftari la nne, na sikuondoka na chochote ila zawadi ya kuku wawili. Daftari lilikuwa lao.

HURUMA INAPOUMIZA

Ndugu Mwenyekiti, mfano huo unachekesha kidogo. Wa pili hauchekeshi.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Katika miaka ya 1990, hapakuwa na wilaya niliyofanya kazi ambayo haikuwa na nyumba za namna hiyo. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijawafikia watu wa kawaida. Hospitali zilijaa, wagonjwa wakarudishwa majumbani, na watu wengi wema wakajitokeza kuwahudumia. Nawaheshimu wote mpaka leo.

Katika mtaa mmoja alikuwapo mama mwema wa namna hiyo. Kila Jumamosi alipeleka unga, sukari na sabuni kwa kijana mmoja mgonjwa na mkewe. Alivibeba mchana, mikononi, akipita njia kuu, na aliyemuuliza alimjibu kwa ukweli. Baada ya majuma matatu mke wa kijana yule aliacha kuuza maandazi, kwa sababu hakuna aliyeyanunua tena. Baada ya mwezi mwenye nyumba akawataka wahame. Mama yule hakumtakia mtu mabaya. Alikuwa na kila kitu isipokuwa mafunzo.

Mafunzo ya uuguzi wa majumbani yalipokuja, yalianza na hayo hayo. Siri ya mgonjwa si mali yako. Hata jirani akikuuliza kwa wema, huna ruhusa. Usiingie nyumba moja tu ya mtaa. Ingia nyumba kadhaa, ili isijulikane unakwenda wapi. Usiandike mbele ya mgonjwa kana kwamba ni polisi anayechukua maelezo. Usiahidi usichoweza kuleta. Muulize mgonjwa anataka nini kabla hujamwambia unachotaka kumpa. Na likaongezwa jambo ambalo sisi wa zamani hatukufundishwa vya kutosha: anayehudumia naye huchoka, huota ndoto mbaya, na huanza kuwachukia anaowahudumia bila kujua sababu. Basi ni lazima wahudumu wakutane kila juma, mbele ya msimamizi wao, kila mmoja atue mzigo wake.

Vijana, yashikeni hayo. Mtu akiwa na kisu kikali na hajui upasuaji, kila mtu atamzuia. Akiwa na huruma kali na hajui kuitumia, hatuoni hatari yoyote.

NJIA KWA KIJANA WA LEO

Sasa niseme nanyi mliokaa nyuma. Kazi hii haikupitwa na wakati. Ziko kata zenye maelfu ya watu na afisa mmoja, na ziko zisizo naye.

Njia ya kuingia iko wazi. Vyuo vya maendeleo ya jamii vipo sehemu mbalimbali za nchi: Tengeru na Monduli mkoani Arusha, Buhare kule Musoma, Misungwi kwa upande wa Mwanza, Rungemba na Ruaha mkoani Iringa, Uyole kule Mbeya, Mlale kule Ruvuma, Mabughai kule Lushoto. Aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo yasiyopungua manne anaweza kuanza na cheti, akapanda kwenye stashahada, na akiwa na bidii akafika shahada na kuendelea. Ngazi ni ndefu kama ya ualimu au ya uuguzi. Usikubali kuambiwa kwamba ni njia ya mkato.

Kwa upande wa afya, mwezi Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliolenga kuwafundisha wahudumu 137,294 katika miaka mitano, yaani wawili hivi kwa kila kitongoji au mtaa. Mafunzo yake ni ya miezi 6, sehemu darasani na sehemu kwa vitendo. Kijana anayengoja nafasi ya chuo asiidharau njia hiyo. Miezi 6 ya kubisha hodi itamfundisha kama kazi hii inamfaa au haimfai.

Lakini sitawadanganya. Kazi ya kuwasaidia watu ina ugonjwa mmoja wa siku nyingi: wakubwa hupenda ifanywe kwa kujitolea. Nimewaona vijana wazuri wakizungushwa kwa miaka, leo semina, kesho fulana, keshokutwa wanaambiwa wawe na moyo wa uzalendo. Kujitolea ni jambo jema, na mimi nimejitolea mara nyingi. Lakini kujitolea kuna mwanzo na mwisho, na mwenye kujitolea ndiye anayevipanga. Basi kabla hujatia sahihi popote, uliza mambo manne. Nitafundishwa nini, na nani? Msimamizi wangu ni nani, na nitakutana naye mara ngapi? Nitalipwa nini, au nitarudishiwa gharama gani? Nikimaliza nitapewa cheti kinachotambuliwa na nani? Anayekasirika kwa maswali hayo, mwombee heri uende zako. Kuuliza si ujinga, na katika kazi yetu kuuliza ndiyo zana ya kwanza.

Kisha jiulize mwenyewe. Je, naweza kukaa na mtu anayelia bila kumwambia anyamaze? Naweza kutunza siri hata kwa mke wangu? Naweza kumwacha mtu aamue jambo ambalo mimi nisingeliamua? Naweza kuandika hesabu safi? Anayejibu ndiyo kwa yote manne, hata kama alama zake si za kwanza darasani, huyo tunamtaka. Na mwenye alama za kwanza tunamtaka zaidi.

OMBI LANGU KWA CHAMA

Ndugu wanachama, nimalize kwa ombi, kwa sababu hotuba isiyo na ombi katika Chama chetu hamtaitambua.

Mwanafunzi wa kazi hii anajengwa na mafunzo kwa vitendo, nayo ndiyo sehemu inayomwangusha maskini. Chuo humpangia wilaya, lakini hana pa kulala, hana nauli ya kufika vijiji vya mbali, na mara nyingi ofisi anayopelekwa humkalisha kwenye benchi au humtuma kununua vocha mpaka muda wake unakwisha. Anarudi chuoni na taarifa aliyoinakili kwa mwenzake. Huyo kesho ndiye atakayebisha hodi kwa mama yako mzazi.

Chama chetu kina watu karibu kila mkoa. Wamo wakurugenzi, waganga wakuu, mapadri na masheikh, wenyeviti wa vijiji, wafanyabiashara. Naomba tuandikishe majina ya wanachama walio tayari kumpokea mwanafunzi mmoja kwa mwaka: kumpa kitanda, kumjulisha kwa wenyeji, na kuhakikisha anapelekwa kazini kweli. Hili halihitaji harambee wala kadi ya mchango. Linahitaji chumba kimoja na simu mbili tatu. Nimekwisha kumkabidhi Katibu karatasi ya kuandikia majina, na jina langu ni la kwanza. Chumba changu kina dirisha na chandarua. Mstari wa pili nimeuacha wazi kwa ajili ya mwenzangu yule aliyeniuliza swali.

Na ninyi walimu, kijana akija kuwaambia kwamba anataka kusomea maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii, msimwulize amefeli somo gani. Mwulizeni anataka kuanzia chuo gani, kisha msaidieni kujaza fomu.